Imechorwa na Nasimiyu

Mama yake alisambaza majivu ya jiko mbele ya hema, akayasawazisha kwa kiganja, kisha akachukua kijiti na kuanza kuchora shamba.

"Hapa nyumba," alisema. "Hapa jikoni. Ua wa miti ya kayaba unatoka hapa, unateremka mpaka mtoni. Na hapa baba yako."

Kaburi hakulichora kwa kijiti. Alibonyeza kidole gumba kwenye majivu, akakiacha hapo kidogo, akakitoa.

Nasimiyu alikuwa amechuchumaa na daftari la kazi mapajani. Kiti kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa ndani, kimebeba godoro lisiguse maji ya mvua. Ilikuwa Agosti, mwezi wa saba tangu nyumba ichomwe, na watu wa kambi ya wakimbizi ya kiwanja cha maonyesho walikuwa wamechoka hata kulalamika. Sasa walikuwa wanakohoa tu.

"Kutoka mlangoni hadi kwa baba ni hatua ngapi?"

"Kumi na saba."

"Una hakika?"

"Nimezitembea kila asubuhi miaka mitano. Wewe umesahau kwa sababu uko Section 58."

Alisema Section 58 kana kwamba ni ikulu. Nasimiyu alipanga chumba kimoja huko mjini, na choo walichangia nyumba nane. Angemchukua mama siku ile ile ya Januari, lakini aliyelala nje ya kambi hakuhesabiwa, na asiyehesabiwa hakuwa na shamba la kurudishiwa. Kwa hiyo mama alilala kwenye maji ili ahesabiwe.

Wangeci wa hema jirani alikuja amejifunga blanketi. Ploti yake ilipakana na yao kule Pareto Farm, juu ya Bahati, na wote wawili walikuwa upande wa chini, unaogusa mto.

"Mama Nasimiyu, mwambie msichana asinisahau," alisema. "Mimi nina nyumba moja na kaburi moja. Kaburi ni la mtoto, ni fupi. Wasije wakadhani ni mtaro."

"Nitaliandika, mathe," alisema Nasimiyu. "Hatua ngapi kutoka mlangoni?"

"Tisa."

Aliandika tisa. Watu thelathini na wanane wa upande wa chini walikuwa wamempa hatua zao kwa namna hiyo, wiki mbili mfululizo, na alizipima upya yeye mwenyewe kwa futikamba, kwenye magofu, akisindikizwa na askari aliyekuwa akipiga miayo. Kanuni ya Kamati ya Kurejesha Makazi ilikuwa rahisi na kila mtu kambini aliijua kwa moyo: mwenye alama ya nyumba kwenye ramani atarudi; mwenye alama ya nyumba na ya kaburi atarudi kwanza, kwa sababu maiti hahamishwi. Asiye na alama atapelekwa kwingine. Kwingine ni wapi, hakuna aliyesema.

*

Ofisi ya Bwana Maxwel ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Nasimiyu alikuwa amechora ramani hapo kwa miaka kumi na mmoja. Kila ramani ina kona yake ya chini, upande wa kulia, ambapo mchoraji huandika *Imechorwa na*, kisha jina lake. Hiyo ni desturi ya kazi, kama fundi seremala kuacha alama chini ya meza. Katika miaka hiyo kumi na mmoja, kona hiyo iliandikwa Maxwel kwenye ramani mia tatu na zaidi. Maxwel mwenyewe hakuwa ameshika penseli tangu anunue gari.

Mwezi wa Julai kamati iliipa ofisi kazi ya Pareto Farm, na Maxwel akanunua programu mpya ya ramani. Ilikuwa na jambo moja ambalo Nasimiyu alilipenda mara moja. Mtu angeweza kutandika juu ya ramani kitu kama karatasi angavu, na karatasi hiyo ikaonekana kwenye kompyuta tatu kwa wakati mmoja: yake, ya chumba cha kamati pale pale ofisini, na ya ofisa wa makazi. Kila mmoja angeweka alama zake na wengine wangeziona pale pale. Nyumba ndogo nyekundu kwa nyumba iliyochomwa, msalaba mweusi kwa kaburi. Hakuna faili za kupelekeana, hakuna mtu kusema sikuletewa.

Aliitengeneza peke yake, siku mbili, akisoma kitabu cha maelekezo kwa kidole. Alipofika mwisho, mashine ikauliza jina la mwenye alama.

"Boss, hapa inataka majina," alimwita Maxwel. "Nimpe kila mtu jina lake na password yake? Ndio tujue nani ameweka nini."

Maxwel alikuwa kwenye simu. Alifunika simu kwa mkono. "Hiyo itachukua muda gani?"

"Kesho jioni itakuwa tayari."

"Kesho wafadhili wako hapa. Weka jina moja, wote watumie hilo hilo."

"Jina gani?"

"Yoyote! Wewe ndio unajua hii mambo." Akarudi kwenye simu yake.

Angeweza kuandika jina la ofisi. Angeweza kuandika *Kamati*. Vidole vyake vilikaa juu ya vibonyezo, na akafikiria zile kona mia tatu, na akamfikiria baba yake, Mzee Nyongesa, aliyekausha maua ya pareto ya watu wengine miaka ishirini na sita mpaka vumbi lake likamla mapafu, na jina lake halikuandikwa popote isipokuwa kwenye ubao wa kaburi ambao nao ulichomwa. Akaandika *Nasimiyu*. Akabonyeza. Alijisikia vizuri siku hiyo nzima, na hakuna aibu kulisema.

Alama ya nyumba ya mama aliiweka mwisho, baada ya zote, asije akaambiwa amejipendelea. Kisha hatua kumi na saba, kisha msalaba.

*

Jumatatu, aliporudi kutoka kula chapati na maharage kwenye kibanda cha pale chini, upande wa chini wa Pareto Farm ulikuwa mtupu.

Kwanza alidhani ni mashine. Akaizima, akaiwasha. Nyumba za upande wa juu zilikuwapo, nyekundu, zimejipanga. Kando ya mto hapakuwa na hata moja. Nyumba thelathini na nane na misalaba ishirini na mmoja vilikuwa vimeondoka, na mahali pake palikuwa na boksi moja refu la buluu lenye maandishi ndani: *Maua – Awamu ya Kwanza*.

Programu iliweka kumbukumbu ya kila kitu. Akafungua kumbukumbu. *Imefutwa na Nasimiyu, saa saba na dakika ishirini. Imefutwa na Nasimiyu, saa saba na dakika ishirini. Imefutwa na Nasimiyu.* Ilishuka hivyo mpaka chini. Na mwisho kabisa: *Imewekwa na Nasimiyu*, nalo lilikuwa lile boksi.

Alitoka hadi mapokezi. Ritu, aliyepokea wageni na simu, alikuwa akipanga bahasha ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Ritu, nani ameingia kwa chumba cha kamati nikiwa lunch?"

"Mwenyekiti wa kamati alikuja," Ritu alisema polepole. Kisha akatazama mlango wa Maxwel. "Ama pengine ilikuwa Ijumaa. Sikumbuki."

"Ritu. Ni leo. Ni saa moja tu imepita."

"Mimi sijaona kitu, Nasimiyu." Akashika bahasha nyingine. "Mume wangu hana kazi tangu Januari, unajua. Please."

Maxwel alimkaribisha vizuri, akamwonyesha kiti.

"Boss, alama za upande wa chini zimetoka."

"Zimetoka zikaenda wapi?"

"Zimefutwa. Leo mchana. Mimi nilikuwa nimeenda kula."

"Nani amefuta?"

"Ndio nakuja kuuliza."

Maxwel aligeuza skrini yake ili wote wawili waione. Tayari ilikuwa kwenye ukurasa wa kumbukumbu. "Soma hapo."

"Nasimiyu."

"Soma yote. Kwa sauti."

"Imefutwa na Nasimiyu."

"Sasa," Maxwel alisema, na hakuwa amekasirika hata kidogo, "mimi ndio nikujibu?"

"Lakini boss, hilo jina wote wanatumia. Nilikuambia nimpe kila mtu lake. Ukasema haraka."

"Nilisema hivyo wapi? Uko na karatasi?"

Hakuwa na karatasi. Alikuwa na daftari la kazi, lenye hatua za watu thelathini na wanane, na akafanya kosa la kulitaja.

"Field book ni mali ya ofisi," alisema Maxwel. "Ilete niiweke salama."

Alifungua kabati la chuma, akaliweka daftari ndani, akafunga, akautia ufunguo mfukoni mwa shati. Alifanya hivyo taratibu, akimtazama.

Jioni hiyo Nasimiyu aliziweka alama zote upya. Zile hatua alikuwa nazo kichwani. Mtu akikuambia umbali wa kaburi la mtoto wake huwezi kusahau upesi. Asubuhi hazikuwapo. Akaziweka tena. Saa nne zikafutwa akiwa anaangalia, moja baada ya nyingine, kwa mkono wa mtu aliyekuwa nyuma ya ukuta chumba cha pili, na kila ilipofutika moja jina lake liliongezeka kwenye orodha. Alikwenda kugonga mlango wa kamati. Ulikuwa umefungwa kwa ndani, na ndani mtu alikuwa anacheka na simu.

Jumatano alimfuata ofisa wa makazi. Alikuwa mtu mpole mwenye mafua. Alimsikiliza mpaka mwisho, akafungua kompyuta yake, akasoma, akapenga kamasi.

"Madam, mimi naona jina moja tu hapa."

"Ndiyo, bwana ofisa. Ndilo tatizo lenyewe."

"Unashtaki nani sasa? Unajishtaki?"

"Nashtaki aliyetumia jina langu."

"Alitumia password gani?"

"Yangu."

"Alipewa na nani?"

Nasimiyu mwenyewe ndiye aliyewaandikia wanakamati ile password, kwa herufi kubwa, akaibandika kwenye ukingo wa skrini yao ili wasihangaike.

"Rudi kwa mkubwa wako mkaongee," alisema ofisa. "Hizi ni mambo ya ndani."

Alhamisi, Maxwel alimwita kabla hajatoa koti. Mezani palikuwa na rundo la karatasi lililochapwa.

"Umeweka na kufuta mara mia mbili tisini na sita. Siku nne. Jaji akiona hii, unadhani atasema ni ya nini? Atasema ulikuwa unauza nafasi za wakimbizi. Mwenyekiti alitaka kuita polisi jana. Nimemwomba. Nimemwambia huyu ni mtoto wetu hapa ofisini."

"Boss, unajua kaburi la baba yangu liko pale. Unajua. Ulikuja matanga."

"Nilikuja," alikubali Maxwel. "Na nikatoa mchango." Akazilinganisha karatasi kingo zake. "Mathe bado yuko kambini, sivyo? Kifua kimepoa? Ukilala ndani, nani atampelekea dawa? Nakuuliza tu."

Nje, mtu alikuwa akipiga honi bila kukoma. Nasimiyu alisimama na koti lake, na kitu pekee alichoweza kusema kilikuwa, "Kesho nifanye nini?"

"Kesho ni uhakiki wa ramani, kambini. Utakaa mezani uwasomee watu. Wanakuamini."

*

Ramani ilibandikwa kwa gundi ya karatasi ubavuni mwa lori, kubwa kama mlango. Mbele ya lori kulikuwa na meza, kibweta cha wino wa buluu cha kutia vidole gumba, rundo la fomu, na Nasimiyu. Nyuma ya meza walisimama mwenyekiti na Maxwel, mpigapicha na karani wa kamati, na askari wawili. Malori mengine mawili yalingoja langoni, injini zikiunguruma. Watu wa upande wa juu walikwisha kusomewa asubuhi. Walitia vidole kwenye fomu, wakapanda lori la kwanza wakiimba. Sasa ilikuwa zamu ya upande wa chini.

Mama yake alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Alikuwa amefua kitambaa cha kichwa.

"Iko wapi sasa?" aliuliza.

Hakungoja ajibiwe. Aliizunguka meza akaisogelea ramani. Mama hakujua kusoma, lakini mto aliujua. Aliufuata kwa kidole, akiupanda kona kwa kona, mpaka mahali ambapo ua wa kayaba ulitakiwa kuanza. Kidole kikasimama ndani ya boksi la buluu.

"Hapa pana nini?"

Watu walisogea ili wasikie. Wangeci alikuwa nyuma yake kabisa.

"Pana maua, mama," alisema Nasimiyu.

"Nani amepanda maua kwa baba yako?"

Mwenyekiti alikohoa. "Mama, hiyo ni mradi wa shamba la maua. Nyinyi mtapewa pahali pengine, pazuri zaidi. Msomee fomu, madam, tusikawie."

Lakini mama alikuwa ameliona neno moja pale chini, kona ya kulia. Lilikuwa neno pekee alilojua kulisoma duniani, kwa sababu alikuwa amelitazama miaka minane kwenye majalada ya madaftari ya shule. Aligusa herufi zake.

"Hili ni jina lako."

"Ni lake," alisema Maxwel kwa sauti ya kufika nyuma. "Ramani yote amechora yeye. Sisi tunaheshimu wafanyakazi wetu." Kisha akainama sikioni mwa Nasimiyu, taratibu: "Si ulikuwa unaitaka hiyo kona?"

Wangeci alimtazama Nasimiyu. "Ni wewe umechora hii?"

Angesema. Maneno yote alikuwa nayo, alikuwa ameyapanga usiku kucha, jina la mwenyekiti, saa saba na dakika ishirini, kabati la chuma. Aliona askari mmoja akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Alisikia kifua cha mama kikipiga filimbi.

"Ni mimi," alisema.

Wangeci alitema mate chini, karibu sana na kiatu cha Nasimiyu, akaufunika mdomo kwa blanketi. Mnong'ono ulitembea kwenye foleni mpaka mwisho: ni mtoto wa Mama Nasimiyu, yule aliyetuhesabia hatua.

Mama peke yake ndiye ambaye hakukasirika. Alimtazama bintiye kama alivyokuwa akimtazama utotoni akirudi kutoka dukani bila chumvi.

"Umesahau baba yako," alisema. "Nilijua utasahau. Haidhuru, nitakuonyesha tena."

Alinyoosha mkono, akachovya kidole gumba kwenye kibweta cha wino. Akarudi kwenye lori, akaupanda mto kwa macho, akapima, midomo ikihesabu. Alipofika kumi na saba alibonyeza kidole kwenye karatasi, ndani ya lile boksi la buluu, akakiacha hapo kidogo, akakitoa.

"Hapo," alisema.

Kisha Wangeci alipita akimsukuma Nasimiyu kwa bega, akachovya kidole, akahesabu tisa, akakandamiza kwa nguvu mpaka bati la lori likalia. Akafuata mzee wa ploti ya pembeni. Akafuata mjane na watoto wake wakubwa, kila mmoja na kidole chake. Hakuna aliyeitwa. Walikuja kimyakimya, mmoja baada ya mwingine, na boksi la buluu likazidi kujaa madoa, kila doa mahali pa mtu wao, mpaka neno *Maua* likawa halisomeki. Nasimiyu alimgeukia Maxwel ili amwone anavyoogopa.

Maxwel hakuwa akiogopa. Alikuwa amemshika mpigapicha kiwiko, akimsogeza mahali penye mwanga mzuri. "Hapo. Chukua nyuso. Chukua na vidole."

Mwenyekiti alipiga makofi, akapanda juu ya kiti.

"Asanteni sana, wananchi! Asanteni! Hata fomu hatuhitaji tena. Karani, andika: leo, mbele ya mashahidi, wakazi wa upande wa chini wameipitisha ramani kwa vidole vyao wenyewe. Ni wangapi? Hesabu madoa."

Karani alihesabu kwa kalamu, bila kugusa. "Sitini na tisa, mwenyekiti."

"Sitini na tisa. Bila kulazimishwa na mtu."

Mtu alipiga kelele. Askari walisogea hatua moja mbele, virungu mkononi, na kelele ikaishia ilipoanzia. Injini ya lori la pili iliongezwa moto. Watu walianza kuelekezwa langoni pamoja na masufuria yao, na walipouliza wanapelekwa wapi, dereva alisema wataambiwa njiani.

"Nasimiyu," aliita Maxwel, "ibandue polepole. Usiikunje. Wino haujakauka."

Alibandua gundi ya juu, kisha ya kando. Upepo uliishika karatasi ukaipiga kama shuka, ikabidi aiwekee mkono kwenye kona ya chini ili isichanike. Mama alikuwa bado amesimama pale pale, akijipangusia kidole kwenye kitambaa cha kichwa alichokuwa amekifua.

"Sasa wataona?" aliuliza. "Wakubwa wakiangalia, wataona tuko hapo?"

"Wataona, mama," alisema Nasimiyu.

Akaendelea kuishikilia ramani, kiganja juu ya jina lake, mpaka wino ukakauka.